Bibi na Mdenishi Wake

Bibi wa ghorofa ya chini hakuwaamini watu wanaocheka huku wameziba mdomo. Alisema mtu wa namna hiyo anaomba radhi kabla hajakosa. Yeye mwenyewe alicheka mdomo wazi, kichwa kimeegemea nyuma ya kiti, na sisi wa ghorofa ya juu tulipomsikia tulijua leo ameiweka tena filamu yake.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi. Nilihamia Wembley binti yangu akiwa bado wa kubebwa, tukapata flati juu ya yake, kwenye jengo la matofali nyuma ya barabara ya maduka. Mimi mtu wa Morogoro, kazi yangu mapokezi katika kliniki ya meno. Yeye Mzanzibari. Alizaliwa mtaa gani, wa ukoo gani, alitokaje kisiwani akiwa msichana, hayo sikuyajua na hakupenda kuulizwa. "Tuliondoka, mwanangu. Basi," aliniambia siku moja, akanisogezea sahani ya kaimati. Nilichojua ni kwamba kabla ya London aliishi Denmark, akafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akafiwa na mumewe huko, kisha akamfuata mwanawe wa pekee aliyekuja Uingereza kusoma na hakurudi tena. Watu wote walimwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

Denmark hakuipenda. Baridi yake aliisema kama mtu anavyomsema jirani aliyemkosea, na samaki wao wa siki hakutaka hata kuwakumbuka. Lakini alitoka huko na filamu moja ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, ya enzi zile sinema zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza kusema. Bwana aliyeiongoza alikuwa amekufa kabla Bibi hajafika nchi ile. Hakuwahi kumwona hata kwenye picha. Hata hivyo alimfanya wake. "Mdenishi wangu," ndivyo alivyomwita, na mtu aliyemsema vibaya Mdenishi wake alipata tabu.

Hadithi ya filamu yenyewe ni nyepesi. Fundi wa piano amefukuzwa kazi, ana njaa. Anabisha kwenye nyumba ya tajiri kuuliza kama kuna piano ya kurekebisha, na wenyeji wanadhani ndiye binamu yao kiziwi wanayemsubiri kutoka shamba. Mezani kuna bata wa kuchoma. Fundi anamtazama bata, anawatazama wenyeji, anaamua kuwa kiziwi. Kuanzia hapo, mtu ambaye masikio ndiyo riziki yake inabidi aishi kama hasikii kitu. Sahani zinavunjika nyuma yake, asigeuke. Mbwa anabweka chini ya kiti chake, asishtuke. Piano ya nyumba ina noti moja mbovu, na kila jioni binti wa tajiri anaipiga, na noti ile inalia vibaya kuliko mbwa. Fundi ameketi, uso umetulia kama maji ya ndooni. Kisha kamera inashuka polepole mpaka chini ya meza. Kiatu kimoja kakivua. Kidole gumba cha mguu, kimetokeza kwenye tundu la soksi, kinajikunja kila noti ile inapolia.

Hapo Bibi alisimamisha picha kila mara, hata kama nimeshakiona kidole kile sijui mara ngapi.

"Unaona alichofanya huyu bwana?" alikuwa akiniuliza. "Wenziwe wakati ule wamepewa sauti, wamekuwa kama watoto waliopewa filimbi. Mtu anaingia chumbani anasema, anatoka anasema, anavaa kofia anaimba. Mdenishi wangu naye kapewa sauti ile ile. Kafanya nini? Kamtia ndani mtu asiyeruhusiwa kusikia. Sauti yote katuachia sie."

Mimi sikuwa mtu wa sinema. Nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nataka kitu cha kunipitishia saa moja bila kufikiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Alinionyesha kwamba kamera ya bwana yule haikimbilii mtu. Inakaa mahali pake, na watu ndio wanaoingia na kutoka, kama wageni sebuleni, nawe una muda wa kumchagua wa kumtazama. Alinionyesha kwamba vichekesho vikubwa havipigiwi muziki. Kimya tu, na saa ya ukutani inayogonga.

Lakini jambo alilompendea zaidi ni namna fundi anavyochukuliwa picha siku ile ya kwanza, anapokula. Tunamwona kwa nyuma. Tunaona mabega yanavyofanya kazi, shingo nyembamba ndani ya kola kubwa, mkono unaokwenda na kurudi. Uso hatuuoni mpaka ameshiba.

"Mtu wa njaa akila, humtazami usoni," Bibi alisema. "Wangapi wanalijua hilo? Wanaingiza kamera mpaka mdomoni, ati tucheke. Yeye kazunguka nyuma. Huyu aliwahi kulala na njaa, au aliwahi kumpenda mtu aliyelala na njaa. Mie siamini vingine."

Jinsi alivyokutana na filamu hiyo alinisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara alisimama ili asimulie vizuri.

Kwenye ile nyumba ya wazee aliajiriwa kufua. Wafanyakazi wenzake walimzoea kama mtu asiyejua lugha. Walimsema mbele yake, nguo zake, kitambaa chake cha kichwa, watoto ambao walidhani anao wengi kumbe anaye mmoja. Yeye alikuwa ameshajifunza Kidenishi kwa redio na kwa wazee wenyewe, ambao walipenda kuongea na hawakuwa na wa kuongea naye. Akanyamaza. Aliona ni salama zaidi. Mtu akijua kwamba umemwelewa, alisema, inabidi umjibu, na kumjibu kunataka nguvu ambazo wakati ule hakuwa nazo.

Jumapili mchana wazee waliwashiwa televisheni, na siku moja ikawekwa filamu ile. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la mashuka. Tajiri, akiwa mezani, anamwambia mkewe kwa sauti kubwa kwamba binamu huyu ana sura ya mbuzi aliyenyimwa majani. Fundi, ambaye amesikia kila neno, anamtabasamia tajiri kwa upole na kumwomba chumvi.

Bibi akapasuka kicheko. Wazee wakageuka. Msimamizi akageuka. Mezani kwenye filamu hapakuwa pamevunjika kitu wala mtu hakuanguka. Alikuwa amecheka maneno.

"Msimamizi kaniangalia, nami nkamwangalia," Bibi alisema. "Uso wake unakwenda ukibadilika, anakumbuka kila alilolisema mbele yangu. Nkasema moyoni, potelea mbali. Tangu leo nawajibu."

"Ukawajibu?"

"Nikawajibu, mwanangu, mpaka wakatamani nirudi kunyamaza."

Sasa usidhani alikuwa mtu wa mzaha. Hakupenda kabisa kusimuliwa vichekesho. Ukianza kumwambia "palikuwa na mtu mmoja," alitazama saa. Vipindi vya televisheni vyenye watu wanaocheka nyuma ya pazia alivizima: "Wananiamrisha nicheke. Mie si askari." Mtoto akimcheka mlevi wa kituo cha basi alimvuta sikio. Alikuwa mkali kwa wauza mboga wa barabarani, ambao wengi walikuwa Wahindi waliotoka Dar na Kampala, na alifurahi kuwagombeza kwa Kiswahili kwa sababu walimgombeza vilevile kwa Kiswahili, tena safi.

Swala haikupita. Simu yake ikiadhini aliisimamisha filamu popote ilipofika, akamwacha fundi wa watu na kijiko njiani kuelekea mdomoni, akaenda kutia udhu. Niliwahi kumwambia amalizie tu hapo palipobaki padogo. "Mdenishi atasubiri," alinijibu. "Muda wote huu kasubiri, dakika kumi zitamuua?"

Na yeye aliyemtetea Mdenishi wake kwa kila kitu, mahali pamoja hakumtetea. Mwishoni fundi na binti wa tajiri wanabusiana. Bibi aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni haya. "Si haya tu," alisema. "Pale kachemsha. Busu refu halina kazi. Kafika mwisho kaogopa wenye sinema, kawapa wanachotaka. Mtu mzima hodari hivyo, anaogopa nini?" Alikasirika kweli, kama vile bwana yule yuko chumba cha pili anasikia.

Alipotaka kuionyesha filamu hiyo kwa watu ndipo palipowaka moto.

Jumuiya yetu ya Waswahili wa upande huu wa London ilikuwa ikikodi ukumbi mdogo kila Jumamosi. Asubuhi watoto walifundishwa Kiswahili, mchana wakubwa walikunywa chai na kuzungumza mambo ya nyumbani. Waunguja walikuwepo, Wapemba, sisi wa bara, na Wakenya wachache. Bibi alimfuata mwenyekiti, mzee mmoja mpole aliyestaafu kazi ya ofisini, akamwambia Jumamosi ijayo anataka kuwaonyesha watoto filamu. Nilikuwa karibu, namimina chai.

"Filamu gani, Bibi?"

Akamweleza. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Bibi yangu, hiki ni Kizungu, tena Kizungu chenyewe si hata Kiingereza. Watoto wetu tunawasemesha Kiswahili wanatujibu kwa Kiingereza. Sasa tuwaletee Kidenishi cha nini?"

"Ndiyo maana," Bibi akasema. "Hapo wote tutakuwa hatujui. Angalau siku moja hatakuwepo mtoto wa kumcheka mama yake jinsi anavyosema."

Mwenyekiti akatazama chai yake. Nadhani lile lilimgusa, maana na yeye alikuwa na wajukuu. Lakini hakutaka kushindwa upesi.

"Mna pombe humo?"

"Imo bia. Fundi anaimwaga kwenye chungu cha maua. Anayetaka kuyalilia maua na ayalilie."

"Na kubusiana?"

"Kumo. Nitasimama mbele."

"Bibi, wewe umehiji."

"Nimehiji, alhamdulillahi. Sikuapa huko kwamba sitacheka."

Mwenyekiti akavaa miwani yake, akasema ukumbi ni wa mambo ya utamaduni wetu, na kamati haiwezi kukubali. Bibi akachukua koti lake. Alilifunga vifungo vyote kabla ya kujibu.

"Jumamosi mie nitakuja na filamu yangu," alisema. "Na wewe njoo na ufunguo wako. Tutaonana."

Jumamosi ile alitangulia kufika, na mimi na binti yangu tukiwa naye. Ndani ya kigari chake cha sokoni, kile cha magurudumu mawili, alikuwa amefunga mashine ya kuchezea filamu kwa taulo. Mlango umefungwa. Wazazi walianza kufika na watoto wao, wakasimama kwenye baridi wakipiga simu. Mwenyekiti hakupokea. Wengine walinong'ona kwamba amechelewa kwa makusudi ili Bibi achoke arudi nyumbani.

Bibi hakurudi. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni akaanza kuwasimulia watoto. Hakuwasimulia kama hadithi, aliwachezea. Alikuwa fundi, alikuwa tajiri, alikuwa mbwa chini ya kiti. Akamwambia binti yangu awe binamu kiziwi, kisha akawaomba watoto wengine wafanye lolote wamgeuze, isipokuwa kumgusa. Wakapiga kelele, wakapiga vifuniko vya masanduku yao ya chakula, mmoja akabweka masikioni mwake. Binti yangu alijikaza mpaka machozi yakamtoka, na Bibi akatuelekeza wote tutazame kiatu chake. Kilikuwa kinatetemeka.

Katikati ya kelele ile nikamwona mwenyekiti amesimama kwenye lango, ufunguo mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alipita katikati ya watoto, akafungua mlango, akaenda mwenyewe kuwasha hita.

Sitasema kwamba onyesho lilikwenda vizuri. Ukumbi ulikuwa na projekta ya kutupia picha ukutani, na diski ya Bibi ilikuwa imechakaa. Iligoma mara kwa mara. Baba wawili waliondoka mapema na mama mmoja aliketi muda wote na uso wa kilio. Bibi alisimama kando ya picha akitafsiri, lakini hakutafsiri yote. Sehemu ndefu zilipita hajasema kitu, na mtu akiuliza, "Anasema nini?" alijibu, "Cheka kwanza, nitakwambia." Na watoto walicheka. Walikuwa wameshacheza ile hadithi kwenye ngazi, kwa hiyo walimtazama fundi kama mtu wanayemjua, na kamera iliposhuka chini ya meza walinyamaza wote, wanasubiri kidole.

Lilipofika lile busu, Bibi akatimiza ahadi yake. Akaja akasimama mbele ya ukuta, akatandaza mtandio wake mweupe kwa mikono yote miwili. Alichosahau ni kwamba picha inatoka nyuma yetu. Busu lote likahamia kwake, fundi kwenye bega la kushoto na binti wa tajiri kwenye bega la kulia, limeng'ara kwenye mtandio kuliko lilivyokuwa ukutani. Ukumbi mzima ulilipuka. Yule mama wa uso wa kilio aliinama akajishika tumbo. Mwenyekiti alitoka nje, na kupitia kioo cha mlango niliona mabega yake yanaruka.

Bibi hakuelewa mpaka nilipomweleza tukiwa njiani kurudi.

"Basi ukuta niliuficha," akasema. "Sikuahidi zaidi ya hapo."

Kwa wiki kadhaa baadaye watoto wale waliomba chumvi kwa Kidenishi nyumbani kwao, mezani, na nyuso za upole kabisa. Mwenyekiti alilalamika kwamba sasa tunaendesha darasa la Kidenishi. Lakini ilipokuja sikukuu alimwuliza Bibi, kwa sauti ya chini, kama bwana yule alitengeneza filamu nyingine. Bibi akamwambia zilikuwepo, na hajazipenda.

Mwanawe alikuwa na wasiwasi naye. Alikuwa mhasibu, amenunua nyumba Stanmore, ana mke mwema na bustani. Kila alipokuja alimwomba mama yake ahamie kwake, na kila mara Bibi alikataa. "Bustani niisemeshe lugha gani?" alimwuliza. Nilimwonea huruma mwanawe. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea televisheni kubwa, na ile televisheni ikaivuta picha ya zamani ikajaa kioo kizima, wote humo wakawa wanene. Bibi alisimama mbele yake na rimoti, hasira imemjaa. "Wamemnenepesha mtu wa njaa," alisema. Mwanawe alihangaika mchana kutwa kuirudisha sawa, jasho linamtoka, na mamaye hakukaa mpaka fundi alipokonda.

Kisha masikio ya Bibi yakaanza kupungua nguvu. Alianza kwa kuniambia nasema kwa kunong'ona, na kwamba Waingereza siku hizi wote wananong'ona. Alipewa vifaa vya masikioni, akavivaa kwa shida, akasema vinamletea kelele za bomba na friji na si za watu. Aliendelea kuweka filamu yake. Mimi juu nilisikia sauti imepandishwa mpaka sakafu inatikisika, halafu baadaye, siku moja, sikusikia kitu. Nikashuka kwa hofu. Alikuwa amekaa kitini mwake, filamu inakwenda, sauti amezima kabisa, vifaa vya masikio viko kwenye bakuli. Aliniona akanipungia nikae.

"Naijua," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake. "Kwa nini niwasumbue majirani?"

Alianguka bafuni majira ya baridi yaliyofuata. Hakuvunjika, lakini mwanawe hakuomba tena, alikuja na gari. Bibi alihamia Stanmore. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na nilimkuta ameshaanza kuigombeza bustani.

Siku ya mwisho niliyotoka naye ilikuwa mwaka huu, mwishoni mwa kipupwe. Niliona tangazo kwamba sinema moja katikati ya jiji, ya wapenzi wa filamu za zamani, itaonyesha filamu ile mchana mmoja tu, nakala iliyosafishwa upya. Nikapeleka habari Stanmore. Mwanawe alinivuta pembeni jikoni, ingawa mama yake alikuwa amekaa hapo hapo mezani akichambua mchicha.

"Dada yangu, nakushukuru," alisema. "Lakini mama hasikii. Atakwenda kufanya nini, kuona tu?"

"Nitakwenda kuona," Bibi akasema. Alikuwa akimtazama mdomo. "Si umeshasema mwenyewe."

Tulipanda treni kutoka mwanzo wa njia, kwa hiyo tulipata viti. Alivaa buibui lake zuri na koti la mwanawe. Vifaa vya masikio aliviacha nyumbani. Ukumbi wa sinema ulikuwa na watu nusu hivi, wengi wazee, na vijana wachache wa kusoma mambo hayo. Alichagua kiti cha katikati akasubiri mikono mapajani.

Filamu ilipoanza nilimgeukia nione furaha yake. Hakucheka. Watu wote walicheka, mimi nilicheka, yeye ameinama mbele amekunja uso. Fundi alikula ametupa mgongo. Mbwa akabweka. Kidole kikajikunja, kikubwa kama mtu mzima, na ukumbi ukaunguruma, Bibi kimya. Nikaanza kujuta kumleta. Nilidhani sasa ndipo anaona alichopoteza kwa kutosikia.

Likafika lile tukio la mezani, tajiri anapofoka kuhusu mbuzi na majani. Bibi akanikamata mkono.

"Yule nani?" aliuliza, kwa sauti iliyofanya watu wa mbele wageuke.

Nilimnong'oneza kwamba sijui anamsema nani, nikakumbuka hasikii, nikamfanyia ishara. Akanyosha kidole. Kushoto kabisa, pembeni mwa picha, kwenye kivuli cha mlango, alikuwa amesimama mtumishi wa kike na bakuli la supu. Kwenye televisheni yake pembe ile ilikuwa giza tupu. Hapa pameoshwa, pana mtu. Msichana mwembamba mwenye kofia ya kazi, anamtazama fundi wa piano, na midomo yake inasogea.

Sauti yake haikuwepo. Tajiri alikuwa akipayuka, vijiko vinagonga, mke anacheka. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza ya maneno ya tajiri peke yake. Msichana akasema alichosema, akanyamaza, picha ikabadilika. Ilikuwa kitu cha kupepesa macho mara moja. Nilitazama watu waliotuzunguka. Walikuwa wakimcheka mbuzi.

Mpaka mwisho Bibi hakuuachia mkono wangu. Hata kwenye busu hakugeuza uso. Lilipokwisha na taa zikawaka, watu wakasimama wakavaa makoti, yeye akabaki ameutazama ukuta mweupe.

Nikainama mbele yake ili auone mdomo wangu. "Amesema nini, Bibi?"

"Kamwambia, 'Kula. Hawajui.'"

Alisema kwa Kidenishi kwanza, kisha kwa Kiswahili. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Anajua," akasema. "Tangu siku ya kwanza anajua kwamba huyu anasikia, na anamlinda. Na Mdenishi kamweka pembeni, kamfunika na makelele, hajamwambia mtu. Masikio yangu yote mawili yakiwa mazima, sikumwona."

Kijana wa sinema alikuja na mfuko wa taka, anapita katikati ya viti. Alitungojea kwa adabu, kisha akatuambia kwa Kiingereza kwamba samahani, ukumbi unafungwa, kipindi kimekwisha.

"Anasema kimekwisha," nikamwambia Bibi.

"Nimemwona anavyosema. Mwulize wanaiweka tena lini."

Nikamwuliza. Akatikisa kichwa, akasema ilikuwa ya leo tu, nakala inarudi Denmark kesho asubuhi.

Bibi alimtazama yule kijana mdomoni mpaka alipomaliza. Kisha akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja mapajani, akaegemea kiti.

"Mwambie akamwite mkubwa wake," alisema. "Mie nangoja hapa."